Konokono wa Marehemu Lyman

Thurlow Gaskins alikuwa amebeba ndoo za mchanga kwa miaka ishirini na miwili, na kama huamini, muulize goti lake la kushoto. Kila Jumamosi alimpeleka mkewe Verlene kwenye machimbo ya kusini mwa Florida, akachota mchanga uliojaa maganda ya konokono wa bahari iliyokauka zamani za kale, akapakia kwenye pikapu, akashusha nyumbani. Verlene, aliyestaafu kupikia watoto wa shule, aliuosha, akauchekecha, kisha akaukagua punje kwa punje kwa hadubini kwenye meza ya jikoni. Kahawa watu walikunywa wamesimama.

Basi mwaka huu akampata konokono mmoja, mdogo kuliko ufuta, ambaye hakuwemo katika kitabu chochote. Dokta Ostrander wa makumbusho aliangalia picha akasema ni aina mpya kabisa: Verlene aandike maelezo yake, ampe jina, na ganda lenyewe alipeleke Ijumaa likahifadhiwe. Bila ganda, hakuna jina.

Thurlow akaanza kutembea kifua mbele. Jina la nani tena, kama si lake? Alishawaambia kanisani. Alishamwambia kinyozi, naye kinyozi hana breki mdomoni.

Jumatano asubuhi Verlene alikuwa akilihamisha ganda kwa brashi ndogo kutoka kwenye kisahani kwenda kwenye kichupa. Watu wa kazi hii wote wana tabia moja: huilamba ncha ya brashi ili ichongoke na kulowa, ndipo ganda linate. Lamba, gusa, weka. Lamba tena.

"Na anaitwaje huyo bwana mdogo?" Thurlow aliuliza, kama mtu asiyejali.

Verlene akaligusa ganda, likanata. "Nampa jina la Lyman."

"Lyman yupi?"

"Lyman Cobb. Si ndiye aliyenifundisha?"

"Marehemu Lyman? Yule aliyekuwa anamaliza pai yangu kila Jumapili?"

"Thurlow, usianze."

"Nauliza tu. Lyman alibeba ndoo ngapi?"

Verlene alitaka kumpa jibu la kumtosha, na kabla ya jibu la namna hiyo mtu hujiandaa kidogo. Akailamba brashi.

Halafu akaitazama ile ncha. Akakitazama kichupa. "Nimemmeza," akasema.

Sasa hapa Thurlow, Mungu amsamehe, alifurahi. Alitoka mbio akaenda kucheka nyuma ya gereji, na huko ndiko alikokutana na dhambi yake: ndoo ya Februari, imefunikwa turubai. Mchanga wake ulitoka pembe ile ile ya machimbo alikotoka konokono. Siku ile alikwenda peke yake, goti lilikuwa linawaka moto, hakutaka kuibeba hadi ndani, akamdanganya mkewe kwamba ndoo imemwagika njiani. Na sasa angeweza kunyamaza tu, nani angejua? Akajipangusa machozi ya kicheko, akavaa uso wa msibani, akarudi ndani.

Alitegemea kukuta kelele. Alimkuta Verlene amekaa, miwani mapajani, karatasi ya maelezo mbele yake, analia bila sauti. Katika ndoa yao yote alikuwa amemwona akilia hivyo mara moja tu, walipomzika mama yake. Roho ikamuuma Thurlow, ikamuuma kweli.

"Verlene. Ile ndoo ya Februari haikumwagika."

Akainua kichwa. "Ulisema mbwa alikuingilia barabarani."

"Hakukuwa na mbwa."

"Nimemsikitikia yule mbwa miezi minane, Thurlow."

Wakaanza saa ile ile. Yeye Verlene kwenye hadubini, Thurlow na kioo cha kukuzia, wakaipekua ile ndoo kijiko kwa kijiko. Alhamisi saa kumi jioni Thurlow akamwona konokono mwingine wa aina ile, amekaa kwenye ncha ya kidole chake: mnene, mfupi, mdomo wazi. Pumzi moja tu ingetosha, na Lyman angekwenda zake mara ya pili. Thurlow aliibana pumzi hadi masikio yakavuma.

"Njoo," akasema akiwa amebana meno. "Na hiyo brashi iache huko huko."

Ijumaa wakashika njia ya makumbusho, Verlene kwenye usukani, Thurlow na kichupa mfukoni mwa shati, macho dirishani.

"Umenuna," Verlene akasema.

"Ninune nini? Nimemtafutia mwanamume mwingine jina siku mbili, na goti bovu. Nina raha zangu."

Verlene akaendesha kidogo. "Lyman hakuoa. Hakuwa na mtoto, hata dada hakuwa naye. Tangu tumzike, umemsikia nani akilitaja jina lake?"

Thurlow akafikiri. Alitaka sana kumpata hata mmoja. "Wewe tu," akasema.

"Mimi tu. Na mimi nina miaka sabini na moja." Akapangusa kioo ambacho hakikuwa na uchafu. "Wewe jina lako nalitaja mara arobaini kwa siku."

"Na thelathini na tisa ni za kunigombeza."

 Wakapita michungwa ya watu, wakapita kituo cha mafuta.

"Thurlow."

"Nimefanya nini tena?"

"Hakuna kitu. Nimekuita tu."