Nthoni Ndani ya Maji

Shemeji yangu Nzivo alisema hatapokea mbuzi wa posa kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuonyesha watu samaki.

Alisema hayo nyumbani kwangu mtaa wa Jericho, Nairobi, Jumapili baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi. Bwana alipomchukua mume wangu, Nzivo ndiye alibaki kama baba wa binti yangu Ndinda, na bila yeye kukubali hakuna ndoa. Ndinda alikuwa amempata Kyule. Kyule ni Mkamba kama sisi, ila amezaliwa Pwani, babake alienda huko kuchonga vinyago akakaa. Kazi yake ni kupeleka wageni baharini na kuwavalisha miwani ya kioo na mrija wa kupumulia, kisha walale kifudifudi juu ya maji watazame chini.

"Watazame nini?" Nzivo akauliza.

"Samaki, baba mdogo," Ndinda akasema.

"Samaki wako hapo sokoni. Wamekaangwa, wamelala kwa sinia. Nani anataka kuwaona wabichi?"

"Wageni."

"Na wanawaona kweli, ama ni kudanganywa?"

Akaamua. Tutaenda Watamu, huko Pwani, sisi watatu, na mmoja wa jamaa ataingia majini ashuhudie hiyo kazi kwa macho yake. Yeye goti lake linauma. Kwa hivyo ni mimi. Tena alitaka kujua kama huyo mtoto wa Pwani ana nthoni. Kwetu, mwanamume na mama ya mke wake hawagusani, hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana. Hiyo ndiyo nthoni, na asiye nayo hapewi msichana.

"Nthoni ikivunjwa mara moja tu," alisema, "tunarudi Nairobi na nisisikie jina lake tena."

Mimi maji mengi niliyowahi kuingia ni ya ubatizo, na hata hayo pasta alinishika kwa mikono miwili. Nikaanza kufanya mazoezi na beseni nje ya mlango. Jirani yangu Wacuka akanikuta nimezamisha uso.

"Mama Ndinda, unatafuta nini huko?"

"Najifunza kuona samaki."

"Kwa beseni ya kufulia?"

"Mungu akipenda."

"Haya. Ukimwona wangu mwambie mafuta yako motoni."

Tulipofika Watamu, Kyule alitungoja ufuoni. Alimsalimia Nzivo kwa mkono, halafu akanigeuzia mgongo na kuutazama mnazi.

"Shikamoo, mama," akauambia mnazi.

"Marahaba," nikaujibu mnazi uo huo.

Nzivo akaguna. Namjua. Alikuwa amependezwa na hakutaka ionekane.

Boti ilikuwa nyembamba. Sasa, kwetu kijijini, mkwe akikutana na mama mkwe njiani, hutoka njiani akaingia kichakani mpaka mama apite. Kwa boti hakuna kichaka. Nilipoinuka nihamie penye kivuli, Kyule alitazama kulia, akatazama kushoto, akajitupa baharini na shati lake. Nilipoketi akapanda. Nikakumbuka nimeacha mfuko wangu kule nilikotoka. Nikainuka. Akajitupa tena.

"Huyu kijana ana nini leo?" nahodha akamuuliza Ndinda.

"Ana adabu."

Baada ya hapo nilikaa palepale, hata jua liliponirudia, kwa kumhurumia.

Mafundisho nayo yalipitia kwa Ndinda, ingawa Kyule alikuwa karibu nami kuliko yeye. Alikaa amenipa mgongo, taulo kichwani.

"Mwambie mama aume mrija."

"Mum, anasema uume mrija."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia."

"Mwambie apumue kwa mdomo, polepole. Na asiongee."

"Anasema usiongee."

"Hata kuomba?"

Kyule akafikiri chini ya taulo. "Mwambie aombe moyoni."

Nilikuwa nimevaa rinda langu refu, chini yake suruali ya michezo ya Ndinda ya wakati wa shule, na juu jaketi la kuelea. Upindo wa rinda Ndinda aliubana kwa vibanio vya kuanikia nguo, maji yasije yakalifunua. Nikashuka ngazi. Ndinda akanishika mkono. Kyule alikaa majini hatua chache kutoka kwetu, akitazama upande wa Uarabuni.

"Unaona nini?" Nzivo akapiga kelele kutoka kwa boti.

Nilikuwa bado nimefunga macho. Nikayafungua.

Jamani. Samaki wa manjano wenye milia walikuwa wakipita wamepangana, kama kwaya ya vijana ikiingia kanisani. Kando alisimama mmoja mnene wa bluu, amevimbisha mashavu, akiwakagua kama mzee wa kanisa. Chini yao palikuwa na mawe yaliyochanua kama kabeji. Nikasahau woga. Nikasahau goti la Nzivo. Moyo ukanifurika, nikasema kwa sauti, "Haleluya!"

Mrija ukanitoka, bahari ikaingia.

Sikujua juu ni wapi. Nilimwachilia Ndinda, nikapiga teke, nikashika cha kwanza nilichokipata. Kilikuwa ni shingo. Nikakipanda. Jaketi liliniinua vizuri, kwa hivyo mimi sikuzama. Aliyezama ni yule niliyekalia mabega yake.

Nilipotoa miwani ndipo nikaona mikono miwili imesimama juu ya maji mbele yangu, mitupu, kama ya mtu aliyekamatwa na polisi. Ilikuwa ya Kyule. Alikuwa ameiinua ili Nzivo aone kwamba hanigusi. Kichwa kilitokea, kikavuta pumzi, kikarudi chini.

"Kyule, ogelea!" Ndinda akalia. "Mshike!"

Kichwa kikatokea. "Siwezi! Ni mama!" Kikazama.

Nzivo alikuwa ameinama ukingoni, macho makali, asipitwe na kitu.

Kichwa kilipotokea tena kilikuwa kimebadilika rangi. Nikaona nikimngoja Ndinda apeleke ujumbe, tutampoteza huyu mtoto kwa sababu ya heshima yangu. Nikainama sikioni mwake nikamwambia mwenyewe:

"Mwanangu, shusha mikono uogelee."

Akashusha. Akanipeleka mpaka kwenye ngazi.

Tulipopanda, Nzivo hakungoja nijifute.

"Nimeona. Nthoni imevunjwa. Nahodha, turudi."

Ndinda akaanza kulia. Kyule alijikunja mbele ya boti, taulo kichwani, akikohoa. Nilikunywa maji kwanza. Halafu nikasema, "Shemeji, imevunjwa na nani?"

"Mmeshikana."

"Tumeshikana ama nimeshika? Mikono yake ilikuwa wapi?"

Nzivo ana mambo mengi, lakini uongo hana. "Juu," akasema. "Ilikuwa juu."

"Basi nani amekosa?"

Akafikiri. "Wewe."

"Na aliyevunja nthoni hutoa nini?"

"Mbuzi! Na usidhani nitakuhurumia kwa vile u mjane. Na umeongea naye pia, nimesikia. Utatoa mbuzi dume."

"Nitatoa. Nimpe nani?"

"Umpe mkwe wako!"

Nahodha, ambaye hakujua lolote, akageuka. "Hongereni," akasema.

"Ngojeni," Nzivo akasema. "Sijamaliza."

"Kama si mkwe," nikamwambia polepole, "basi nimeshika mtu tu, ni ajali, sina kosa. Kama nina kosa, ni mkwe. Chagua, baba."

Nzivo aliinama ukingoni, akachungulia majini. Ndinda alikuwa ameuma leso asitoe sauti.

"Hao samaki," Nzivo akauliza mwishowe. "Wapo kweli?"

"Wapo. Wengi. Na wana mpango."

"Hawadanganyi watu?"

"Hawadanganyi."

Akasugua goti. "Mbuzi awe mkubwa," akasema.

Wiki hiyo nilienda naye Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Alipapasa migongo ya mbuzi mmoja baada ya mwingine, akiwakataa wote, mpaka muuzaji, jina lake Hared, akachoka.

"Mzee, mbuzi ni wa sherehe gani?"

"Si wa sherehe, ni wa kosa," Nzivo akasema, kwa sauti iliyogeuza watu vichwa. "Huyu mama amemkosea mkwe wetu."

"Amemfanyia nini?"

"Amemkalia mabegani. Baharini."

Hared akanitazama toka juu mpaka chini. Akamwachilia yule mbuzi aliyekuwa amemshika, akaenda kutuletea mkubwa zaidi.