Viatu vya Nesi Mpya

Asubuhi ya kuchukua dawa, msusi alikaa mwisho wa benchi la kliniki, karibu na ndoo ya taka, akawa anatazama viatu vya nesi. Zilikuwa raba nyeupe, zimesuguliwa vizuri, na hazikugusa sakafu. Kati ya soli na vigae palikuwa na nafasi ambayo chanuo lake lingepita bila kukwaruza. Nesi alitoka chumba cha vipimo, akakatiza ukumbi, akaingia chumba cha dawa. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki na bado imelowa, lakini hakuacha alama hata moja.

Bibi aliyekaa kando yake aliona pia. Akasonya.

"Mwezi uliopita huyu alikuwa anakanyaga chini."

"Alikuwa anakanyaga," msusi alijibu.

Pale kliniki hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kila mtu anajua kwamba nesi akiambiwa jambo na mgonjwa, jambo hilo humkaa mwilini na kumwongezea uzito. Akilitoa nje, linaondoka na uzito wake. Nesi aliyetangulia walimwita Mama Jiwe. Alihudumu pale tangu msusi akiwa anavaa sare za shule, na hakuna aliyewahi kusikia neno la mgonjwa likitoka kinywani mwake. Vigae vya mlangoni kwake vilipasuka. Akikaa upande mmoja wa benchi, wenzake wa upande wa pili walibaki miguu inaning'inia. Siku aliyostaafu ilibidi likodiwe lori la kubebea kokoto, na hata hilo liliondoka kwa kunguruma. Wagonjwa walisimama getini wakalia, na kilio chao kilikuwa na raha ndani yake, kwa sababu kila mmoja aliona siri yake ikienda salama.

Nesi mpya alikuja na uzito wa mwanamume wa kawaida. Mcheshi, meno meupe, anakumbuka watoto wa watu. Katika wiki yake ya kwanza alimketisha msusi, akafunga mlango, akataka aelezwe kila kitu upya.

"Usiwe na wasiwasi, dada. Hapa ni mimi na wewe tu."

Naye msusi akamwaga yote. Kwamba ana ugonjwa wa kuanguka. Kwamba kwa kawaida humpata alfajiri, akiwa peke yake, lakini mara moja ulimwangusha kazini, kwenye stoo ya saluni, na akamdanganya msusi mwenzake kwamba ameteleza kwenye mafuta ya nywele. Kabla ya kumweleza nesi mpya, Mama Jiwe pekee ndiye aliyejua.

Katika kazi yake hilo si jambo dogo. Ukimaliza kusuka rasta, unachukua birika la maji yanayotokota, unasimama nyuma ya mteja, unachoma ncha moja baada ya nyingine ili zisifumuke. Birika linapita juu ya mabega, karibu na masikio. Ni mwanamke gani atakayekaa chini ya birika hilo akijua kwamba aliyelishika anaweza kuanguka wakati wowote?

Asubuhi ile ya viatu, akiwa njiani kurudi saluni, alijipa moyo. Kliniki ina wagonjwa tele. Huenda nesi amepungua kwa mambo ya wengine, ya yule muuza nyama, ya mwalimu mwenye vidonda, na lake bado limo ndani. Alijaribu hata kukadiria lingekuwa na uzito gani, akaona aibu, akaacha.

Lakini tangu siku hiyo hakumwamini mtu. Mteja akimuuliza "umelalaje?", alijiuliza kwa nini anauliza habari za kulala. Wawili wakinong'onezana, aliwatazama kwenye kioo mpaka wakanyamaza. Mwenzake wa kiti cha pili alimwambia amekonda. Akamjibu kwa ukali kwamba kukonda si kosa.

Kisha akaja mke wa nesi kusukwa.

Huyo mama alikuwa mtu wa maneno, na saluni nzima ilimpenda kwa hilo. Alipokaa, mwepesi kama mumewe, kiti hakikulia kama kinavyolia kwa watu wengine. Ilibidi msusi amfunge khanga kiunoni, aipitishe kwenye mikono ya kiti, ndipo atulie asukwe. Mchana kutwa alisimulia mkojo wa huyu na uvimbe wa yule, watu wanacheka mpaka machozi. La msusi hakulitaja. Msusi alisuka akiomba kimoyomoyo, na kila mkia alioumaliza ulimpunguzia hofu kidogo. Mwishowe akawasha jiko. Birika likaanza kuimba.

Mke wa nesi akageuza shingo. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Mwenzangu, wewe pumzika. Maji ya moto amwage huyu mwenzio."

Hakuna aliyeuliza kwa nini, ndipo msusi alipojua kwamba wote wanajua. Akaweka kitambaa cha kushikia birika mezani. Moyo ulimuuma kuliko siku aliyoambiwa jina la ugonjwa wenyewe.

Baada ya hapo kila mteja alitaka maji ya moto yamwagwe na mwenzake. Halafu wakaona hakuna haja ya kuanzia kiti kimoja na kumalizia kingine, wakahamia kiti cha pili moja kwa moja. Kiti cha msusi kikawa cha kuwekea mikoba.

Alikwenda kumwona daktari mkuu. Nesi alikuwa humo humo ofisini, karibu na dari, mguu mmoja umefungwa kwa bandeji kwenye meza, anapangusa vumbi juu ya kabati.

"Habari za saluni, dada?" nesi aliuliza kutoka juu.

Msusi alimgeukia daktari. "Daktari, nesi wako hana kifua."

"Tumeliona hilo," daktari alisema. "Juzi feni nusura imkate kichwa. Ni suala la usalama kazini."

"Nasema mambo ya wagonjwa."

"Ndiyo hayo hayo, mama. Tunalishughulikia."

Na kweli walilishughulikia. Mwezi uliofuata nesi alikuwa na viatu vipya, vyeusi, soli zake vipande vizito vya chuma vilivyotengenezwa na fundi wa kuchomelea. Alivuka ukumbi kwa kishindo, kigae kimoja kikapasuka. Benchi zima likashusha pumzi. Binti aliyekaa kando ya msusi, mgeni hapo, ameshika pochi kwa mikono miwili, alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Huyu nitamwambia," alinong'ona. "Sikia anavyokanyaga."

Msusi alifungua mdomo. Ili kumwonya binti angelazimika kumweleza amejuaje, na kueleza amejuaje ni kueleza yote. Akaufunga. Alijichukia kwa hilo, lakini aliufunga.

Zamu yake ilipofika, nesi alifunga mlango.

"Haya, dada. Umeanguka mwezi huu?"

Alikuwa ameanguka alfajiri ya siku hiyo, na ulimi bado ulimuuma alipozungumza.

"Sijaanguka kabisa," alisema. "Nimepona."

Nesi alifurahi kwa dhati. Alimpongeza, akamkumbusha agizo la daktari kwamba asiyeanguka apunguziwe dawa, akamhesabia nusu. Msusi alizitia kwenye mkoba. Alipotoka alimwona nesi akiinama kukaza kamba za viatu.

Habari ilifika saluni kabla ya wiki kuisha. Mikoba ikaondolewa kwenye kiti chake. Wateja walirudi mmoja mmoja, wakimsifu kwamba amenawiri, naye akawashukuru. Alifanya kazi huku nyonga ameiegemeza ukutani, na nyakati nyingine aliona mwanga mdogo pembeni mwa jicho la kushoto, ule unaotangulia kuanguka, akasubiri upite.

Mke wa nesi naye akarudi. Msusi alimfunga khanga kiunoni, akamsuka mpaka mwisho, akawasha jiko.

"Leo nichome wewe mwenyewe, mwenzangu," mama yule alisema, akajilaza vizuri. "Halafu nikupe habari. Kuna binti mmoja mgeni, mwenye pochi, umemwona pale kliniki?"

Msusi alishika birika kwa mikono miwili, maji yakitokota, akasimama nyuma yake.

"Tulia," alisema. "Usitikisike."