Nyumba ya Boksi la Viatu

Siku ile mjinga alikuwa Fundi, na hukumu hiyo haina rufaa. Wengine wakikosea husingizia shetani, wengine jua kali. Yeye alikuwa mzima, ameshiba, yuko kivulini. Ujinga wake aliufanya kwa vipimo, penseli sikioni, na alipoumaliza akaupaka vanishi.

Binti yake wa miaka sita waliyempa jina la Chiriku, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kuota meno na tangu hapo hajapumzika, alipewa kazi shuleni: atengeneze nyumba kwa vitu vilivyokwisha matumizi, aipeleke Jumatatu. Barua ya mwalimu ilibandikwa kwenye mlango wa kabati la vyombo. Fundi aliisoma kama anavyosoma maelezo ya kopo la gundi, yaani mstari wa kwanza tu, mengine atayajua mbele ya safari.

Wiki nzima, kila jioni, Chiriku alikaa sakafuni na mama yake, ambaye ni fundi cherehani na kwa hivyo mabaki ya vitambaa hayamwishii. Mama alishika kisu palipotakiwa kisu. Yote mengine yalikuwa ya mtoto. Boksi la viatu likawa kuta, vizibo vya soda vikawa sahani, kipande cha sponji kikawa godoro, na mabaki ya sare za shule yakawa mapazia. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliopikwa, na nusu yake iliishia kwenye nywele.

Fundi kila akipita hakosi la kusema.

"Mama mwenye nyumba, hii nyumba imekunywa nini? Mbona imeegemea hivyo?"

"Haijanywa, baba. Imechoka. Imesimama tangu juzi."

Wakacheka wote watatu. Laiti angeishia kucheka.

Jumamosi mchana mama na mtoto walitoka kupeleka sare kwa wateja. Fundi alibaki uani akimsubiri dereva wa lori aje kuchukua kiti chake kilichovunjika mguu. Mikono ikiwa haina kazi hutafuta lawama. Akaingia ndani, akaitoa ile nyumba, akaiweka juu ya meza yake ya kazi, akaitazama kwa jicho la seremala.

Ukuta wa kushoto umelala. Paa limebonyea katikati. Mlango mfupi, dirisha moja juu, lingine chini, kama macho ya mtu anayesinzia. Akaweka guni pembeni, kile chuma cha kupimia pembe, na hakuna pembe hata moja iliyokubaliana nacho. Akilini akamwona mwalimu akiigeuzageuza mbele ya wazazi wenzake: kumbe baba yake ni seremala? Jasho likamtoka. Kwa seremala ukuta uliopinda ni sawa na unywele kwenye mchuzi wa mpishi.

Mwenye akili zake angeirudisha ndani. Fundi akachukua kisu.

Maana mafundi wa mbao wana njia yao. Ukitaka kutengeneza kitu kinachofanana na cha zamani, unakifungua cha zamani, unalaza vipande vyake juu ya mbao, unachora kando yake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na bwana wake, mtu mkali aliyewahi kukivunja kwa teke kigoda cha kwanza cha Fundi, mbele ya wateja, akamwambia akaote nacho moto. Fundi alikuwa na miaka kumi na minne. Aliapa kwamba yeye hatamfanyia hivyo mtoto wa mtu. Na kweli hakupiga teke. Alichana kwenye viungio polepole, kwa mapenzi, kama mtu anayemenya chungwa la mgonjwa, na moyoni akajiona baba wa mfano.

Akachora, na akichora ananyoosha. Akakata plaiwudi, akapiga msasa, akatia bawaba mbili ndogo na kitasa kilichotoka kwenye sanduku bovu la vito. Paa likakaa kama kofia mpya. Akapaka vanishi mkono wa kwanza, akapaka wa pili. Brashi ikawa inadondosha, ikataka pa kufutia, na kilichokuwa karibu ni kipande cha boksi. Akafutia. Kilipolowa akachukua kingine.

Dereva akaja, akaizunguka ile nyumba mara mbili.

"Fundi, yangu mimi haina kona zilizonyooka hivi, na nimeweka mhandisi."

"Ya binti yangu hiyo. Ya shule."

"Kafanya mwenyewe?"

"Tumesaidiana," Fundi akasema, wala hakuona haya.

Saa kumi wakarudi. Chiriku aliingia mbele, anasimulia habari za mbuzi aliyeingia duka la dawa, akaiona nyumba juu ya meza.

"Ya nani hii, baba?"

"Yako. Fungua mlango uone. Una kitasa."

"Yangu iko ndani," akasema, akaenda kuitazama.

Alipotoka hakuwa na habari za mbuzi tena. Macho yake yakapita mezani, yakashuka chini, yakafika kwenye vipande. Akaokota ukuta mmoja. Upande wa ndani alikuwa amechora kwa mkaa watu watatu wamekaa wanakula. Mama alionekana. Mtoto alionekana nusu. Wa tatu alikuwa chini ya vanishi.

Fundi alingoja kilio. Kilio ana dawa yake: humbeba juu juu, humtekenya, humwahidi biskuti. Hakikuja. Mtoto alikunja uso mpaka akafanana na bibi yake mzaa mama, na huyo bibi hata Fundi humwogopa.

"Rudisha."

"Nirudishe nini, mwanangu?"

"Kama ilivyokuwa."

"Sasa ile ilikuwa inaanguka. Hii hata ukiipanda haivunjiki. Njoo nikupe msasa, tumalizie pamoja pale kwenye ngazi ya mlango."

"Sitaki msasa. Rudisha."

Mama aliweka mfuko wake chini. Hakupandisha sauti, na Fundi akajua kwamba hali ni mbaya.

"Baba Chiriku, barua ya mwalimu uliisoma?"

"Niliisoma. Nyumba, vitu vilivyokwisha kazi. Hiyo plaiwudi ni mabaki, usinitafutie sababu."

Mama akaingia ndani, akarudi na barua, akambandikia kifuani kama anayempima shati. "Soma mpaka chini. Soma kwa sauti, na mwenye nyumba asikie."

Fundi akasoma. Kila mtoto atasimama mbele ya wenzake na kueleza mwenyewe alivyotengeneza kila kitu, kwa mikono yake.

"Wiki nzima mtoto anafanya mazoezi ya kusema," mama akasema. "Gundi tumepika hivi, sahani nimeziokota pale. Anaota nayo. Haya, Jumatatu asimame aseme nini? Bawaba hutiwaje?"

"Nitamfundisha. Ni dakika tano."

"Utamfundisha uongo kwa dakika tano."

Hapo Fundi naye akapandwa na hasira. Mchana kutwa ameinama, mgongo unamuuma, hakuna hata aliyesema asante. Akasema nyumba hii watu wake hawana shukrani. Akasema mtoto akisifiwa kitu kibovu atakua akijua kibovu ndicho kizuri. Akasema yeye alinyooshwa kwa teke, na ndiyo sababu leo wanakula.

"Usimsingizie marehemu bwana wako," mama akasema. "Yule alikuvunjia kigoda ukimtazama. Wewe umengoja mtoto atoke."

Fundi akatafuta penseli sikioni, ipo. Akaitoa, akairudisha palepale.

Mama hakumngoja. Alimwaga viatu vyake vya kwendea harusini, akampa Chiriku boksi lao, akabandika sufuria ya unga jikoni. Kabla jua halijazama, mtoto na mama walikuwa sakafuni tena. Boksi hili lilikuwa dogo, mabaki ya sare yameisha, sponji imekatwa kwenye ile ya kuoshea vyombo. Chiriku alifanya kazi bila kusema neno, na nyumba yao ilikuwa haijawahi kuwa kimya kiasi kile tangu azaliwe. Kila kipande alikibamiza kana kwamba kimemtukana.

Fundi akaja akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. Aliambiwa anaweza kukaa mradi asiguse. Akakaa. Dakika moja, mbili. Chiriku akachora dirisha, akalichora limepinda.

"Pandisha kidogo upande wa kulia," Fundi akasema.

Chiriku akaendelea kuchora.

"Kidogo tu. Unene wa kidole."

"Baba yake," mama akaonya.

"Mimi nimegusa? Sijagusa. Nasema." Akageuka kwa mtoto. "Sikia. Nimekuharibia, sawa, nilikuwa sijui. Lakini haki yangu nipe. Ile ya mbao kuta zimenyooka, mlango unafunga, paa halivuji, na vanishi inang'aa mpaka dereva kaionea wivu. Sasa kosa lake ile nyumba ni nini? Hebu nitajie kosa moja."

Chiriku alichovya kidole kwenye gundi, akaipaka ukutani, akaubana ukuta mpaka ukashika. Hakumtazama.

"Haina," akasema. "Kahamie."