Mwisho Ulioandikwa Kabla

Iskra Panayotova aliomba ruzuku ya mfuko wa filamu mara tatu, kwa filamu ileile moja. Mimi, Ognyan, nilikuwa fundi sauti wake. Barua mbili za kwanza za kukataliwa nilizisoma kwenye mlango wa jokofu lake kule mji mkuu, Sofia, alikozibandika ili, kama alivyosema, zimkate hamu ya kula. Zote ziliandikwa kwa adabu. Wajumbe wa kamati wameguswa na mada, zilisema, lakini hawakuona filamu inaelekea wapi.

Mada ilikuwa dada wawili wa Dolno Brestovo, kijiji chenye watu thelathini na mmoja kule kaskazini-magharibi. Kerana, mkubwa, alikuwa na miaka sabini na tisa; Stoimenka, sabini na minne. Waliishi katika nyumba ya marehemu baba yao, iliyogawanywa katikati kwa ukuta wa matofali, kila mmoja na mlango wake, na walikuwa wamenuniana miaka kumi na tisa. Sababu yake kijiji kizima kiliijua. Stoimenka alikuwa Italia, akimuuguza bibi kizee wa watu kwa mshahara. Mama yao alipougua, Kerana hakumpigia simu mdogo wake. Alipokuja kumpigia, mama alikuwa na siku ya nne kaburini. Stoimenka akarudi, akamleta mwashi, ukuta ukajengwa ndani ya wiki moja.

Iskra alikuwa amezimaliza likizo zake zote za utotoni kwa bibi yake, ng'ambo ya barabara, na ndiyo maana walimruhusu kuingia na kamera. Miaka miwili tulikuwa tukienda huko siku ambazo hatukuwa na harusi ya kupiga picha, kwa kamera ya kuazima na gari la shemeji yake. Kisha shemeji akaliuza gari. Bila ruzuku, filamu ilikuwa imeishia hapo.

Fomu ya maombi ilikuwa na kurasa ishirini. Ukurasa wa saba uliagiza: eleza mwisho wa filamu. Mara mbili za kwanza Iskra alijibu: "Sijui. Ndiyo maana naitengeneza."

Svilen, mtayarishaji wetu, mtu mnene mwenye maneno mengi, alilisoma jibu hilo mkahawani akashika kichwa.

"Iskra, wewe unaomba hela au unaungama kwa padri?"

"Sasa niseme uongo?"

"Nani kasema uongo? Sema matumaini. Wale watu wanakaa wanasoma maombi sabini, macho yanawatoka. Wape kitu cha kwenda nacho nyumbani. Andika wanapatana."

"Hawapatani, Svilen. Unawajua."

"Leo hawapatani. Wewe unaandika habari za mwakani."

Aliandika. Jumamosi ya kuwakumbuka wafu, mwezi wa kumi na moja, dada wawili watatoka pamoja hadi kaburi la mama yao wakiwa na ngano ya kuchemsha na divai, kama desturi ya siku hiyo, na hapo watazungumza kwa mara ya kwanza. Ilikuwa aya moja fupi. Nilipoisoma nilitamani kuiona filamu hiyo.

Safari ile tuliitwa mbele ya kamati. Watu watano mezani, dakika saba za kujieleza. Mmoja wao, mama mzee aliyeitwa Bozhana Tuparova, mhariri wa filamu mstaafu, ndiye pekee aliyeuliza swali la maana.

"Huu mwisho, binti yangu, una uhakika nao gani?"

"Nawajua tangu utotoni," Iskra akasema.

Ilikuwa kweli, ila halikuwa jibu. Mama yule aliandika kitu kwenye karatasi yake, akamshukuru. Baada ya wiki sita barua ya tatu ikaja. Tumepewa. Fungu la mwisho tungelipata kamati ikishaiona filamu ghafi, ile ya kabla ya uhariri wa mwisho.

Tulipiga picha majira yote ya joto. Wale dada walipitana uani kama watu wanaopishana na miti. Siku ya wafu ilipokaribia, Iskra alimuuliza kila mmoja atakwenda lini makaburini. Kerana angekwenda asubuhi, Stoimenka alasiri, kama kila mwaka.

Ijumaa Iskra aliingia kwa Stoimenka peke yake, bila kamera. Alipotoka hakuniangalia.

"Kesho saa nne asubuhi," aliniambia. "Wote wawili."

"Kakubali?"

"Nimemwambia Kerana kamwita."

Niliingia ndani nikachaji betri.

Asubuhi ile kulikuwa na upepo. Kerana alikuwa amekwishawasha mshumaa na kuanza kumimina divai juu ya kaburi, mdogo wake alipotokea njiani na bakuli lake la ngano. Alisimama hatua tatu kutoka kwake.

"Haya, nimekuja. Umeniitia nini?"

Kerana aligeuka taratibu. "Nani kakuita?"

Wakatutazama. Iskra alikuwa nyuma ya kamera na hakuizima. Nilidhani Stoimenka angeondoka, lakini aliliweka bakuli chini.

"Basi madhali nimeshafika, niambie. Kwa nini hukunipigia simu?"

"Mama alinikataza."

"Mama?"

"Alisema ukija utapoteza kazi, na yule bibi wa Italia atabaki na nani. Aliniapisha."

Stoimenka alisogea hatua moja. "Miaka kumi na tisa umelikalia neno hili kama kuku?"

"Ulikuja na mwashi. Hukuja na swali."

Kerana aliokota mfuko wake akashuka kilima bila kuaga. Stoimenka alibaki amesimama. Hakulia. Aliwagawia ngano majirani waliopita, kama desturi, kisha naye akaondoka.

Svilen alipiga simu kabla hatujafunga vifaa.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Wamepatana?"

"Hapana."

"Haidhuru! Hiyo ni tamu zaidi. Usiguse kitu, njoo nayo hivyo hivyo."

Iskra alikata simu. Alikaa juu ya sanduku la kamera karibu nusu saa. Kisha akasema anakwenda kuwaambia, na kama nataka kubaki makaburini nibaki. Nilimfuata.

Alianza kwa Kerana. Alimweleza yote: fomu, ukurasa wa saba, kamati, uongo wa jana. Kerana alisikiliza akiwa amesimama. Iskra alipomaliza, Kerana alichukua fimbo yake, akatoka, akazunguka nyumba na kuugonga mlango wa mdogo wake. Mwenyewe sikuwa nimewahi kumwona akifika upande ule wa ua.

"Toka nje! Toka usikie huyu mtoto alichotufanyia."

Stoimenka alitoka na aproni. Iskra alirudia maneno yote.

"Kwa hiyo walikulipa ili sisi tupatane?" Stoimenka akauliza.

"Niliandika mtapatana, ndipo wakanilipa."

"Na sisi tungejuaje? Tungeletewa barua?"

"Nisamehe, shangazi."

"Usiniite shangazi leo."

Kerana alimwelekezea fimbo dada yake, bila kumtazama. "Yale niliyosema kule ni ya huyu. Si ya watu wa Sofia."

"Yafute," Stoimenka akasema. "Hapa hapa, nione."

Iskra alileta kamera, akawaonyesha tukio lile kwenye kioo kidogo, kisha akalifuta mbele yao. Walitazama kwa makini mpaka kioo kikawa cheusi. Hayo mengine, wakasema, ya mashamba na kuku, anaweza kuyatumia. Ila asirudi tena na kamera.

Mimi hakuna aliyenikumbuka. Sauti yote ilikuwa kwenye kinasa changu. Kesho yake, nyumbani, niliisikiliza mara moja zaidi, nikaifuta.

Svilen alimtukana Iskra kwa siku mbili, halafu akamtafutia mwanasheria, maana mkataba ulitaja mwisho ule. Mwezi wa pili tuliitwa mbele ya kamati na filamu ghafi ya dakika hamsini na mbili. Mwenyekiti aliuliza liko wapi tukio la makaburini.

"Lilitokea, lakini si kama nilivyoandika," Iskra akasema. "Niliwadanganya ili litokee. Nimelifuta."

Mezani watu walitazamana. Bozhana Tuparova alivua miwani.

"Wanazungumza sasa?"

"Sijui. Walinikataza kurudi na kamera. Na bila kamera nimeona haya kwenda."

Walitutoa nje kwa saa nzima. Uamuzi ulikuwa kwamba fungu la mwisho litatolewa nusu, kwa filamu fupi kuliko ile ya mkataba, na Iskra hataruhusiwa kuomba tena kwa miaka miwili. Svilen alisema tumeponea chupuchupu. Iskra alitia sahihi.

Filamu ilionyeshwa kwenye matamasha manne na mara moja katika ukumbi wa kijiji jirani, watu kumi na wanane. Wale dada hawakuja. Magazeti mawili yaliiandika; moja lilisifu sauti.

Septemba iliyofuata nilipita Dolno Brestovo nikitoka kazi nyingine. Nilisikia kelele kabla sijafika getini. Uani kulikuwa na jiko la kuni, na wale dada wakichoma pilipili tamu za akiba ya baridi, wote wawili juu ya bati moja.

"Unaziunguza, wee!"

"Zikiungua ndipo zinamenyeka! Nani kakufundisha, Waitaliano?"

"Angalau wao wanajua kula!"

"Basi ungebaki huko!"

Kerana aliniona, akanitambua, akauliza kama nimekuja na kile kijiti changu cha kunasia sauti. Nikasema sina. Akanipa kigoda na kisu, nikamenya pilipili hadi saa kumi.

Nilimpigia Iskra kutoka barabarani. Nilimweleza niliyoyaona, akauliza walikuwa wanagombania nini.

"Pilipili."

"Na nani alikuwa anashinda?"

"Stoimenka," nikasema, "lakini kwa unywele tu."

Alicheka, akasema ana harusi ya kupiga Jumamosi kule mjini Vratsa, na kama nina nafasi niende naye.