Jibu la Swali la Saba

Swali la saba lilikuwa na jibu la neno moja, na neno hilo moja ndilo lililomtoa bosi ofisini kwake asubuhi ile.

“Dada Hatsumi,” Kuramochi alisema, amesimama nyuma ya kiti chake kama msimamizi wa mtihani, “hiyo ‘Ndiyo’ yako iondoe.”

Hatsumi Nishigaki hakugeuka. Miaka sita alikuwa ameketi kwenye kiti hicho, ghorofa ya tatu, mjini Osaka, akiandika miongozo ya michezo ya simu, na ukurasa wake wa Maswali ya Wanaoanza ndio uliosomwa kuliko yote. Mchezo wenyewe uliitwa Taa Saba. Unaupakua bure, unaunda kikosi cha watu wanne, mnapigana kwa zamu. Mashujaa unawapata kwa gacha, yaani unabofya na kungoja bahati yako. Ukilipa, unabofya zaidi. Kwa hiyo swali la saba lilikuwa la kila mtu: Naweza kuumaliza mchezo huu bila kulipa?

“Andika hivi,” Kuramochi aliendelea. “‘Inawezekana, ila ni vigumu. Ukilipa kidogo utafurahia zaidi.’ Wenye mchezo ndio wanaotupa matangazo, na wamelalamika. Halafu juzi wametoa Jitu la Chokaa. Hakuna aliyelishinda bila shujaa wa kununua.”

Ukilipa kidogo utafurahia zaidi. Hatsumi aliijua sentensi hiyo. Aliisoma kwenye ukurasa wa watu wengine, zamani, alipokuwa akifunga maboksi kiwandani Sakai. Kidogo kikaitana na kidogo kingine, na miezi miwili mizima alikula wali kwa figili ya kuchacha, huku akiwa na shujaa mwenye mabawa ya dhahabu ndani ya simu. Aliyeandika maneno yale hakuwahi kumjua. Hatsumi alimchukia mpaka leo.

“Siandiki.”

“Sikukuomba, dada. Nimekuambia.”

“Basi tufanye hivi, bosi. Leo saa sita mchana, hapahapa, mbele ya watu wote, nitapigana na hilo Jitu kwa kikosi cha bure. Nikishindwa, nitalibadilisha jibu kwa mkono wangu mwenyewe.”

Kuramochi akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. “Unaruhusiwa mara tatu tu kwa siku.”

“Tatu zinanitosha.”

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini hatari yake aliijua. Kwenye ofisi ile, chini ya kila ukurasa lazima liandikwe jina la mwandishi. Sheria hiyo aliitunga Kuramochi mwenyewe, ili wasomaji wenye hasira wajue pa kuipeleka. Akishindwa leo, maneno yaliyomla yeye yatasimama juu ya jina lake, yawale na wengine.

Saa sita ilipofika, hakuna aliyetoka kwenda kula. Wakana, binti anayetengeneza picha za kurasa, aliiunganisha simu ya Hatsumi na ile skrini kubwa ya mikutano, tonge la wali lililofungwa kwa mwani likiwa mdomoni.

“Dada, kikosi gani hiki?” aliuliza baada ya kumeza. “Dobi, mganga wa mifupa, mbeba ngao na mzee wa taa? Umewaokota sokoni?”

“Hao ndio anaopewa kila mtu siku ya kwanza. Kaa kimya utazame.”

Jitu la Chokaa lilikuwa na tabia moja mbaya: ukilipiga, linakurudishia mara mbili. Mara ya kwanza kikosi kilisambaratika raundi ya nne. Dobi ndiye aliyekufa mwisho, beseni mkononi, na watu wakaangua kicheko. Hatsumi hakucheka. Akaanza tena.

Mara ya pili alipiga taratibu na kuponya sana. Raundi ya sita Jitu likatoa ukungu, wote wanne wakaganda, zamu yao ikapita bila mtu kuinua mkono. Raundi iliyofuata wakafa.

“Imebaki moja,” alisema Kuramochi. “Au tuokoe muda, uandike tu?”

Hatsumi alikuwa bado anaitazama skrini. Ile raundi waliyoganda, hakuna aliyeligusa Jitu, lakini mstari wa uhai wake ulishuka. Si sana, ila ulishuka. Hilo lilitoka wapi?

Ndipo akamkumbuka Figili Kavu.

Huyo alikuwa msomaji tu, hajulikani ni mwanamume au mwanamke. Mwezi uliopita aliandika chini ya ukurasa wa Maswali: “Samahani kwa swali la kijinga. Zamu yangu ikifika, nisipofanya kitu, inakuwaje?” Wasomaji wengine walimshukia. “Unalala,” mmoja alimjibu. “Futa mchezo ukafuge samaki,” alisema mwingine. Hatsumi peke yake ndiye aliyemjibu kama mtu: “Si swali la kijinga. Pembeni chini kuna kitufe cha Subiri. Ukikibofya, kikosi kinajikinga tu. Faida yake sijaiona bado. Ukiiona wewe, niambie.”

Akaanza mara ya tatu. Zamu yake ilipofika, akabofya Subiri.

“Dada!” Wakana alipiga kelele. “Mbona hulipigi?”

“Silipigi.”

Jitu likarusha ngumi, lakini halikuwa na kipigo cha kurudisha mara mbili, na ngao zikaipokea. Chokaa kidogo ikapukutika begani mwake. Uhai ukashuka: kumbe lisipopigwa, linamomonyoka lenyewe. Subiri. Ukashuka tena. Subiri. Vicheko vikaisha. Mtu mmoja akaanza kuhesabu raundi kwa sauti, wengine wakaitikia. Ukaja ule ukungu, wakaganda, na kuganda kwenyewe hakukuwadhuru, maana hata hivyo hawakuwa na mpango wa kupiga. Raundi ya kumi na tisa goti la Jitu likavunjika, likaanguka kifudifudi mbele ya dobi na beseni lake.

Ofisi nzima ikalipuka. Wakana alimkumbatia kwa mikono iliyojaa wali.

Kuramochi alingoja watulie. “Hongera. Sasa andika kwamba ni vigumu.”

“Tulikubaliana, bosi!”

“Tulikubaliana ukishindwa. Ukishinda, hatukusema kitu.”

Hasira ilimpanda Hatsumi mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine hayafai kusemwa kazini. Badala yake aliisukuma kibodi taratibu mpaka ukingoni mwa meza, upande wa bosi, akakunja mikono.

“Andika wewe,” alisema. “Na jina la chini libadilishe, liwe lako.”

Watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama pale, na wote walikuwa wameliona Jitu likianguka.

“Bosi,” Wakana aliuliza kwa upole wa kinafiki, “tuweke jina lako kamili, au la ukoo linatosha?”

Kuramochi aliinyoosha mikono juu ya kibodi. Vidole vilikaa hewani. Akaisoma ile “Ndiyo” kwenye skrini, akalisoma na jina la chini yake, kisha akairudisha mikono mifukoni.

“Hili tutalizungumza mwisho wa mwezi, Hatsumi.”

“Nitakuwepo.”

Mlango wa ofisi yake ulifungwa. Hatsumi akaivuta kibodi. Jibu la swali la saba hakuligusa. Alishuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, akaongeza swali jipya, la thelathini na moja: Zamu yangu ikifika, nisipofanya kitu, inakuwaje?

Akaandika: “Jitu la Chokaa linaanguka. Aliyeuliza ni Figili Kavu, na tulimcheka.”

Chini yake akaliandika jina lake, kamili.