Namba ya Dada Ndani ya Kiunganishi

Basi lilikuwa limeshapita kituo cha mafuta cha mwisho dada yangu aliponipigia simu. Nilikuwa nahama tena. Miguu yangu haijapata kuvumilia mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu.

Aliniuliza kwa upole, upole ule wa kumtisha mtu, kama majaribio yetu hayakuwa yamekwisha jana. Mbona tangu asubuhi ameshapata meseji ileile mara kumi na moja: Kliniki ni kesho saa mbili, usichelewe?

Nikajua nimeharibu.

Enzi zile mimi na mwenzangu, tuliyemwita Kobe kwa kuchapa kwa kidole kimoja, tulitengeneza viunganishi katika chumba cha nyuma kwa dada. Kuna majukwaa ya kompyuta ambamo mtu asiyejua kuandika programu hujijengea yake kwa kuburuta visanduku na kuvipanga. Ila kisanduku cha kliniki hakisemezani na kisanduku cha simu mpaka apatikane mshenga. Washenga ndio sisi. Tukimaliza tunakiweka kiunganishi mtandaoni bure, matumbo yote nje: anayekitaka achukue, anayeona kosa arekebishe. Shule niliiacha njiani, na haya niliyaokota njiani vilevile.

Kila jaribio tulilituma kwenye simu ya dada, kwa kuwa ndiyo pekee isiyokosa chaji. Maneno tuliyanakili kwenye meseji za kliniki yake mwenyewe. Asubuhi ile, kwa papara ya safari, nilikitoa kiunganishi hadharani namba yake ikiwa ndani. Kila aliyekichukua na kukijaribu, simu ya dada ililia.

Ingekuwa kichekesho, ila dada alikuwa anangoja meseji ya kweli. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunga utando, na daktari wa macho hupita mara moja kwa mwaka.

"Wewe endelea na safari yako," akasema. "Jicho ni langu."

"Na namba ni yako, dada. Nami nimeigawa."

Nikamwomba dereva anishushe.

Nilifika kwa dada saa nane mchana. Kobe aliniambia alipotaka kuifuta namba alikuta ametanguliwa. Mtu wa mbali tusiyemjua alishatuma marekebisho, na maneno machache: Ndugu zangu, hii si simu ya mtu? Tukayapokea. Lakini nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi. Simu ililia tena tukiitazama.

Meseji hazikuaminika tena, nikamshika dada mkono mpaka kliniki, dirishani kwa muuguzi. Akapekua daftari. "Mama, tulikuandikia jana jioni. Siku yako ni leo. Daktari anaondoka saa kumi."

Dada akanigeukia. "Ya jana? Mimi nikadhani ni nyinyi na mambo yenu."

Aliingia wa mwisho.

Jicho lilipona. Namba alikataa kuibadili. Meseji ziliendelea kuja, mbili tatu kwa mwezi, naye alikuwa akisema, "Kuna mtu huko ameanza kazi." Alifariki miaka tisa baadaye, akiona vizuri. Kobe aliajiriwa, akaoa, sasa anachapa kwa vidole viwili. Yule wa mbali hatukuonana naye kamwe. Alikitunza kiunganishi mpaka jukwaa lenyewe lilipofungwa. Mimi nilipanda basi wiki iliyofuata. Simu ya dada ninayo, naichaji kila siku. Mara ya mwisho kulia ilikuwa mwaka juzi.