Laini ya Watu Wawili

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, mwaka wa tisini na nne, saa tatu asubuhi, Bi Mwajabu wa Tandika aliitwa kwenye simu. Mwanawe Faraji alikuwa anapiga kutoka Tanga. Bi Mwajabu alijitanda kanga, akavuka uchochoro mpaka nyumbani kwa Albano mchonga vinyago, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha na kuweka mkono wa simu sikioni. Alikuwa anauliza habari za mjukuu anayeota meno aliposikia cherehani nyuma ya sauti ya Faraji. Ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Kisha mtu akakohoa.

"Nani huyo, mama?" Faraji aliuliza.

"Rosalia, mke wa Albano. Yuko Pugu. Enhe, meno ya juu au ya chini?"

Simu ile ilikuwa ndiyo pekee mtaani kwetu. Namba yake tulikuwa tumewapa ndugu zetu wote, wa Lindi, wa Muheza, mpaka wa Maskati, na mtu akiitwa aliacha hata wali jikoni akakimbia. Kwa hiyo Rosalia alipokwenda Pugu sote tuliendelea kumsikia. Ukisubiri mtu wa upande wa pili aje kwenye simu, unamsikia anakata uzi kwa meno. Waya ulileta sauti yake Tandika, ila ya kwetu haukumpelekea. Siku moja alikuwa analia, na Bi Mwajabu akamwambia, "Pole, mwanangu," akasubiri kidogo, halafu akaendelea na habari za mahari ya mpwa wake.

Rosalia aliondoka kwa mumewe mwezi wa Machi, mchana kweupe, cherehani ya mkono kichwani na sufuria mbili ndani ya shuka. Albano alikuwa uani anapiga msasa kinyago. Alipofika sokoni Tandika, Rosalia alihisi kitu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Ulikuwa waya wa simu, ule mweusi, umejifunga fundo moja safi. Aligeuka akauona umelala njia nzima aliyopita, unatokea dirishani kwake. Akajaribu kulifungua lile fundo, wapi. Akaazima kisu kwa muuza samaki, na kisu kikaingia pengo. Muuza samaki akamwambia siku hizi kila kitu kinatoka nje, na vya nje vigumu. Rosalia akamwomba radhi kwa kisu chake, akajitwika tena cherehani.

Konda wa basi alikataa kumpakia kwa sababu mlango usingefungika. Basi akaenda kwa miguu, Yombo, Kipawa, Ukonga, Gongo la Mboto, na waya ukawa unaongezeka nyuma yake kadiri alivyokwenda. Jua lilikuwa linazama alipofika Pugu kwa Hamida, mjane wa kwao Masasi, aliyekuwa na chumba cha uani. Hamida aliutazama waya, akautazama mdomo wa Rosalia uliokuwa umevimba upande mmoja, akasema dirisha wataliacha wazi kidogo ili upite. Alimpashia maji ya kuoga.

Wiki haikuisha, watu wa njiani wakawa wameuzoea. Pale Kipawa walianikia nepi. Ukonga mzee mmoja aliupandishia maboga, na Gongo la Mboto wanafunzi walikuwa wanauruka wakienda shule. Hakuna aliyeuliza unatoka wapi wala unakwenda wapi, maana waya ni waya.

Sasa laini yenyewe. Aliyeiomba alikuwa Rosalia. Alijaza fomu mwaka wa themanini na tatu, akasubiri miaka sita, kila mwezi anakwenda kuuliza, kila mwezi anaambiwa mama, bado. Alikuwa anashona sare za shule, na alitaka walimu wakuu wampigie badala ya yeye kuzunguka juani. Jina lake lilipofikiwa, karani alimwambia mwanamke aliyeolewa haandikiwi laini peke yake, amlete mume. Albano akaja akaweka sahihi chini ya jina la mkewe. Siku simu ilipofungwa tulikula biriani mtaa mzima. Baadaye zikaja zile enzi za ruksa, kila kitu kikapata mwenyewe mpya, na laini zetu zikachukuliwa na kampuni iliyoitwa Simu za Mzizima. Mikataba ikahamishwa kama ilivyokutwa, na majina mawili mawili.

Albano alianza kumpiga mwaka ule ule wa simu. Mara ya kwanza alitumia ule mkono wa simu wenyewe, kwa kuwa Rosalia alicheka sana akiongea na mwalimu mkuu wa Keko. Mwalimu alisikia. Akauliza kama sketi zitakuwa tayari Ijumaa. Zilikuwa tayari Ijumaa. Baada ya hapo Albano alimpiga kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya vinyago visivyopata wazungu wa kuvinunua. Rosalia alipoteza jino, halafu jingine. Alikwenda mara tatu kwa wazee wa usuluhishi, na mara tatu walimwambia funika kombe mwanaharamu apite. Na sie majirani, tuseme kweli, tulikuwa tunaongeza sauti ya redio. Tulimpenda Rosalia. Wengi wetu alitushonea nguo za harusi, na bado tuliongeza redio.

Mkewe alipoondoka, Albano hakumfuata. Hatukushangaa, maana alitueleza sababu mwenyewe, pale barazani, anakata kucha.

"Nimfuate wa nini?" alisema. "Waya upo, mke yupo. Mbuzi mwenye kamba hakimbiliwi."

Kila siku baada ya chakula cha mchana alinyanyua simu, asipige popote, akasikiliza. Nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Ukija kuitwa ukamkuta hivyo, anakupisha kwa adabu zote.

Kule Pugu Rosalia alimjua kwa fundo. Albano akinyanyua simu, fundo linapata joto. Hapo Rosalia alisimamisha cherehani na kukaa mikono mapajani. Alijifunza kulia na pindo la kanga mdomoni. Alijifunza kula bila kugongesha kijiko. Hamida alimuuliza siku moja anataka nini hasa katika dunia hii, maana alikuwa anakonda.

"Sitaki mengi, dada," Rosalia alisema. "Nataka nikohoe bila mtu kunisikia."

Hamida ndiye aliyeleta habari ya kanuni mpya. Alikuwa ameisikia kwa mteja wake wa mkaa, kwamba ofisi ya Mzizima kule Chang'ombe imebandika tangazo ukutani. Rosalia alivaa gauni lake la kanisani na kwenda, na ule waya ukaenda naye, ukapinda palepale dirishani kwa Hamida na kurudi mjini sambamba na wa kwanza.

Karani alikuwa dada mmoja aitwaye Felicitas, mwenye miwani na sauti ya upole. Alitoka nyuma ya meza, akachuchumaa, akalikagua fundo kwa vidole viwili. Kisha akarudi akaandika kwenye fomu, mahali pa hali ya waya: imara.

"Naomba unisomee lile tangazo, dada," Rosalia alisema. "Nimelisoma ila sijaamini."

Felicitas akasoma. Mteja aliyepigwa, kuumizwa au kutishwa na mteja mwenzake wa laini moja ana haki ya kujitoa katika mkataba, bila ridhaa ya huyo mwenzake, bila faini na bila kuitwa kusuluhishwa. Rosalia akaomba arudie. Felicitas akarudia, polepole zaidi, na alipofika "bila ridhaa" Rosalia alishika ukingo wa meza. Miaka mitano alikuwa anaambiwa avumilie, na leo karatasi ilikuwa imemwambia neno jingine. Alilia palepale, kwa sauti, na hakukumbuka hata kuuma kanga.

Vielelezo alikuwa navyo. Alikuwa na ile fomu ya polisi, PF3, imejazwa meno mawili na kidole kimoja. Alikuwa na barua ya wazee yenye tarehe zote tatu. Felicitas aligonga mihuri, akasema hilo ni ombi safi kabisa, jibu litatoka ndani ya siku ishirini na moja, na siku atakayoshika barua mkononi waya utaachia wenyewe.

"Nije kuichukua hapa?"

"Hapana, mama. Barua zote zinatumwa kwa anwani ya mkataba."

Rosalia akamwambia anwani ya mkataba ni sanduku la posta ambalo ufunguo wake uko kiunoni kwa Albano. Felicitas akafungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alitafuta kwa moyo, huyo dada, hata watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kuguna.

"Kujitoa unajitoa peke yako," alisema mwishowe. "Lakini anwani haibadiliki mpaka waweke sahihi wote wawili. Hapo hawajapagusa." Akafikiri. "Nitakachofanya, juu ya bahasha nitaandika SIRI. Kwa wino mwekundu."

Alifanya hivyo kweli. Sisi bahasha ile tuliiona.

Aliyeiona kwanza ni Bi Mwajabu. Siku ya kumi na tisa, asubuhi, Albano alibisha mlangoni kwake. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na hakubeba mfuko wala chochote ila bahasha iliyofunguliwa vizuri kwa kisu. Neno la wino mwekundu lilisomeka hata bila miwani.

"Shikamoo, Bi Mwajabu. Shika ufunguo wa nyumba, watu wasikose simu. Nakwenda Pugu. Mwenzangu ana barua yake, si vizuri ikae kwangu."

Bi Mwajabu alimtazama usoni, akatazama mikono yake. Alijua. Alikuwa ameishi uchochoro mmoja na mikono ile miaka mitano.

"Marahaba," alisema. "Msalimie."

Albano aliufuata waya. Pale Kipawa aliinua nepi za watu kwa vidole, akapita chini yake, akazirudisha zilivyokuwa. Ukonga alimsifia yule mzee maboga yake. Wote walioonana naye siku ile wanasema ni mtu mstaarabu.

Saa sita mchana Bi Mwajabu alikwenda kwa Albano, akafungua, akakaa kwenye kigoda. Simu haikuwa imelia. Alinyanyua hivyo hivyo, na hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake. Alisikia cherehani. Ilikuwa inakwenda mfululizo, kwa raha, maana fundo lilikuwa baridi tangu juzi na Rosalia alidhani Albano amechoka kumsikiliza. Hamida alikuwa gulioni na mkaa wake.

Bi Mwajabu alisikia hodi.

Cherehani ikasimama. "Rosalia," Bi Mwajabu alisema. "Rosalia, mwanangu, pitia dirishani." Aliyasema mara nne, ya nne akiwa amesimama, ameziba sikio la pili kwa kiganja kana kwamba kelele ziko kwake. Waya haukupeleka.

"Barua yako," sauti ya Albano ilisema.

Karatasi ikakunjuliwa. Rosalia alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, kama asomavyo mtu anayetaka kuhakikisha kila neno lipo. Ombi lako la kujitoa katika mkataba wa pamoja limekubaliwa. Hudaiwi kitu. Kuanzia utakapopokea barua hii, mteja mwenzako hana tena uwezo wa kukusikia kwa njia ya laini hii, wala mtu mwingine yeyote. Alipofika hapo akakohoa.

Kisha mlango ukafungwa, na fundo likafunguka.

Waya ulirudi wenyewe Tandika mchana ule, taratibu. Gongo la Mboto wanafunzi walisimama kuupisha. Ukonga uling'oa maboga mawili. Nepi za Kipawa zilianguka vumbini na wenyewe wakazifua upya, wakilalamika kidogo. Alasiri ulikuwa umeshaingia dirishani na kujikunja chini ya meza. Albano hakurudi nao.

Bi Mwajabu bado alikuwa kwenye kigoda, mkono wa simu mapajani. Jioni ile ilipolia alipokea. Alikuwa Faraji, anapiga kutoka Tanga.

"Mama! Leo nakusikia vizuri. Zile kelele zimekwisha?"

Bi Mwajabu aliuweka mkono wa simu vizuri sikioni. Alisikiliza nyuma ya sauti ya mwanawe, mbali kadiri alivyoweza. Palikuwa kimya.

"Ndiyo, baba," alisema. "Wametengeneza laini."

"Afadhali. Jino la pili limetoka."

"La juu au la chini?" Bi Mwajabu aliuliza.